Shajara ya mradi: kujenga mtaala wa darasani wa udaktari wa familia, Mwanza

Shajara hii ni ya mtaala wa darasani wa marezidenti wa udaktari wa familia, yaani madaktari waliokwisha kumaliza shahada ya kwanza na mwaka wa mafunzo kwa vitendo, na sasa wanasomea ubingwa kwa miaka 3. Mizunguko ya wodini (watoto, uzazi, upasuaji, tiba ya ndani) ina mwongozo wake na haimo humu. Humu mna mada za kila wiki, uchambuzi wa tafiti, kikundi cha mazungumzo, mtihani wa vitendo, na kliniki ambayo hayo yote yanatakiwa kuifaa. Gharama ni zetu halisi kwa shilingi. Mwenye kutaka kunakili anakili, ila asome kwanza yaliyokwama.

20 Januari 2025: Rasimu ya kwanza

Tulianza kwa kuomba. Nusu ya mada tulizitoa kwenye mitaala ya Marekani, ambako udaktari wa familia ulitambuliwa kuwa ubingwa kamili mwaka 1969 na mafunzo yake huchukua miaka 3 kama yetu. Nusu nyingine tuliziomba kwa idara za hospitali: kila idara ilete mada ambazo daktari wa familia hatakiwi kuzikosa.

Idara zikaleta, na kila bingwa akaleta anachokipenda. Tukapata uvimbe wa tezi za adrenali, tukapata aina za upasuaji wa kongosho. Kutoka Marekani zikaja nyumba za kulelea wazee na majeraha ya wanamichezo. Orodha ikawa ndefu kuliko wiki zote za miaka mitatu, na kichocho hakikuwemo. Ofisi yenyewe dirisha lake linatazama ziwa! Tulipofuatilia, kumbe tiba ya ndani walidhani kitaletwa na afya ya jamii, na afya ya jamii walidhani kitaletwa na upasuaji, kwa sababu wanaotapika damu hupelekwa huko. Selimundu nayo ilitajwa na idara ya watoto tu, utadhani wenye selimundu hawafiki miaka 20. Tanzania ni kati ya nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huo duniani, na Kanda ya Ziwa inabeba sehemu kubwa ya mzigo.

Ugonjwa usio na idara moja iliyo mama yake huanguka katikati. Lakini ndio huohuo unaomhitaji daktari wa familia. Rasimu ikaingia kabatini.

Gharama: karatasi na wino, 58,000.

17 Februari: Tunahamia kwenye rejesta

Mwaka 1961 Kerr White na wenzake walichapisha hesabu ambayo tangu hapo hutajwa kila mahali udaktari wa familia unapofundishwa. Chukua watu wazima 1,000 kwa mwezi mmoja: 750 watapata ugonjwa au jeraha fulani, 250 watamwona daktari, 9 watalazwa, 5 watapelekwa kwa daktari mwingine, na 1 tu atafika hospitali ya chuo kikuu. Takwimu zilitoka Marekani na Uingereza, na hapa kwetu ngazi ni nyingine, zahanati hadi hospitali ya kanda. Ila swali ni lilelile: kwa nini mtaala wa daktari wa wale 250 uandikwe na watu wanaomwona yule 1?

Tukawatuma marezidenti wawili kwenye zahanati na kituo cha afya, wapitie Kitabu cha 5 cha MTUHA (mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya), yaani rejesta ya wagonjwa wa nje, wahesabu nani anakuja na nini.

Kazi ilikwisha haraka na matokeo hayakufaa. Rejesta huandika utambuzi, haiandiki kilichomtoa mtu nyumbani. Homa nyingi zimeandikwa malaria hata pale kipimo cha haraka kilipotoka hasi. Kila kiuno kinachouma ni UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Tungefuata rejesta tungefundisha UTI wiki sita na kuwaongezea watu antibiotiki.

Suluhisho likawa kaunta buku. Kila rezidenti akapewa moja, lenye safu tatu zilizopigwa kwa rula: maneno ya mgonjwa kama alivyoyasema, kilichofanyika, na kitu ambacho rezidenti hakukijua alipokuwa mbele ya mgonjwa. Safu ya kwanza ina jina lake katika taaluma. Chama cha madaktari wa familia duniani, WONCA, kilitoa mwaka 1987 mfumo wa kuainisha huduma za msingi unaohifadhi sababu ya mtu kuja, kando ya utambuzi. Sisi tuliuiga kwa kalamu.

Maneno yaliyojaa: "mwili hauna nguvu", "moyo unaenda mbio", "mtoto hakui", "nimekuja kupima tu", "miguu inawaka moto". Safu ya tatu mwanzoni ilikuwa tupu. Hakuna daktari anayependa kuandika hajui, hasa akijua daftari litasomwa na wakubwa wake. Ilianza kujaa pale daktari bingwa mmoja alipochukua kaunta buku lake mwenyewe, akakaa zahanati siku nzima, kisha akasoma safu yake ya tatu mbele ya wote. Ilikuwa ndefu kuliko za marezidenti.

Gharama: kaunta buku, nauli na chai, 94,000.

24 Machi: Alhamisi mchana

Hapa ndipo tulipokwama vibaya zaidi, na ugumu hauna uhusiano na tiba.

Tulipanga darasa Jumatano asubuhi. Asubuhi foleni ya wagonjwa wa nje imefika getini, rezidenti anaondokaje? Tukahamia jioni baada ya kazi. Wakaja, wakasinzia. Tukahamia Alhamisi saa 8 mchana hadi saa 11. Wiki ya kwanza darasa lilikuwa zuri mpaka simu ya kwanza ilipoita. Wodi ya wazazi, kuna mama wa kufanyiwa upasuaji. Akatoka mmoja. Ikaita ya pili. Kufikia saa 9 na nusu mwalimu alikuwa anaongea na projekta.

Tukaandika barua kwa idara zote: marezidenti wasiitwe Alhamisi mchana. Barua ilibandikwa ubaoni, na simu zikaendelea. Huwezi kumwambia sista mwenye mgonjwa anayevuja damu kwamba daktari yuko darasani, na sisi tusingependa sista anayekubali jibu hilo.

Kilichofanya kazi ni kubadilishana. Tulikaa na mkuu wa kila idara peke yake, tukauliza nani atabaki wodini saa hizo tatu. Daktari mmoja aliyesajiliwa hushika zamu ya marezidenti wote, na posho yake tunalipa sisi. Kwa upande wetu, Jumamosi asubuhi marezidenti wa familia wanasaidia idara iliyobanwa zaidi. Simu zao zinabaki kwenye kikapu kwa muuguzi wa zamu, ambaye anajua za kuita na za kusubiri. Makubaliano ni ukurasa mmoja, yana sahihi za wakuu wa idara wote.

Gharama: posho ya mshika zamu 40,000 kwa Alhamisi. Ndiyo gharama kubwa kuliko zote katika mradi huu, na atakayetaka kupunguza kitu, namwomba apunguze chai kwanza.

28 Aprili: Mada zimeandikwa upya

Kila mada sasa ina jina la alichokisema mgonjwa. "Miguu inawaka moto" inabeba kisukari, pombe, VVU, upungufu wa vitamini B12, na isoniazidi iliyotolewa kuzuia kifua kikuu bila vitamini B6. "Homa, kipimo hasi" inabeba swali gumu kuliko malaria yenyewe: mama anataka mseto, kipimo kimekataa, utamwambia nini ili arudi homa isiposhuka? "Anatapika damu" inaanzia ziwani. Mayai ya kichocho cha tumbo hukwama kwenye ini, ini linajenga makovu, presha inapanda kwenye mishipa ya umio, halafu mvuvi wa miaka 30 anajaza beseni damu. Wanasoma dawa ya kichocho, prazikwanteli, miligramu 40 kwa kilo, na kwa nini minyoo michanga huponea dozi hiyo, hata mtu anayerudi majini kila siku ahitaji kutibiwa tena.

Utaratibu: nusu saa ya safu za tatu, saa moja na nusu ya mada, mapumziko, kisha mazoezi ya mkono (ultrasaundi, kushona, kutoa mtoto aliyekwama mabega) au uchambuzi wa utafiti. Mada za adrenali na kongosho zimerudi kabatini, na mabingwa wawili bado wana kinyongo.

26 Mei: Uchambuzi wa tafiti

Makala tulizozichukua kwenye majarida makubwa zilisomwa kwa adabu, maswali hayakuulizwa. Dawa zenyewe hazipo bohari, mtu aulize nini? Tukabadilisha. Tukachukua tafiti mbili kutoka pande mbili za ziwa hilihili.

Ya kwanza ni ya Mwanza vijijini, iliyochapishwa mwaka 1995. Jamii 12 ziliwekwa katika jozi 6. Upande mmoja, vituo vya afya na zahanati viliboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili: watumishi walifundishwa, dawa zikawepo, usimamizi ukafuata. Baada ya miaka 2 maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 huko, na 1.9 kwenye jamii za kulinganisha. Ya pili ni ya Rakai, Uganda, ya mwaka 1999. Wao waliwapa dawa za magonjwa ya zinaa watu wote nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi 10, na maambukizi ya VVU hayakutofautiana.

Mabishano yalipita saa 11. Je, ni kwa sababu Rakai janga lilikuwa limekomaa na VVU imeshaenea kwa wengi? Au ni kwa sababu dozi ya kila miezi 10 humkosa mtu anayepata kidonda mwezi wa pili, wakati zahanati iko wazi kila siku? Rezidenti mmoja alizaliwa Magu, akasema hakujua kama zahanati za mkoa wake ziliwahi kuifundisha dunia kitu. Tangu hapo kanuni ni hii: kwa kila makala moja ya mbali, moja ya ukanda wa ziwa.

Gharama: kuchapa, 12,000.

14 Julai: Walioko mbali

Kila rezidenti hukaa miezi kadhaa hospitali ya wilaya, mmoja Sengerema na mmoja Nansio, Ukerewe. Darasa la video kwa hao lilishindikana. Umeme ukiwepo mtandao haupo, vyote vikiwepo sauti inakatika kama mtu anaongea ndani ya pipa. Tulinunua bando kubwa, likaisha kwa kuunganisha na kuunganisha tena.

Sasa mada inarekodiwa kwa sauti, vipande visivyozidi dakika 10, vinatumwa WhatsApp usiku mtandao ukiwa mwepesi, na nakala inakwenda na meli kwenye memori kadi. Alhamisi tunapiga simu ya kawaida, spika mezani, nusu saa tu: rezidenti wa mbali ndiye anayeleta kisa cha siku. Tuliona faida ambayo hatukuipanga, maana aliye Nansio peke yake usiku, ziwa limechafuka na rufaa haiwezekani hadi asubuhi, ana visa ambavyo wa mjini hawana.

Sengerema imerahisika. Daraja la Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa 19 Juni, na mwalimu anakwenda na kurudi siku hiyohiyo bila kusubiri kivuko. Tumeanza kumpeleka mwalimu huko mara moja kwa mwezi.

Gharama: bando lililopotea 75,000, memori kadi 3, 36,000.

18 Agosti: Kikundi cha mazungumzo

Michael Balint aliwakusanya madaktari wa kawaida wa London miaka ya 1950, wakae duara na kuzungumza juu ya mgonjwa mmoja anayewasumbua moyoni, bila faili. Tulilipenda wazo, tukaweka kikao, tukamwalika daktari bingwa mwandamizi aongoze.

Kimya. Kila mtu alitoa shikamoo, akakaa, akasubiri kuulizwa. Rezidenti wa kwanza alieleza kisa kama ripoti ya asubuhi: umri, jinsia, malalamiko makuu. Alipomaliza wenzake wakamrukia na vipimo.

Tukabadilisha mawili. Kiongozi sasa ni afisa ustawi wa jamii, na mabingwa hawaingii, hata kwa kupita tu. Na anayeleta kisa akimaliza anarudisha kiti nyuma ya duara, anasikiliza bila kujibu, wengine wakijadili mgonjwa yule alijisikiaje na daktari alijisikiaje. Kikao cha tatu kwa utaratibu huo, mmoja akaeleza mtoto wa selimundu ambaye mama yake alikatiza haidroksiyurea, dawa yake ya kila siku, ili alipe ada ya mkubwa. Zaidi ya hapo siandiki, ya kikundi yanabaki kikundini.

22 Septemba: Mtihani wa vitendo

Vituo 8, dakika 10 kila kimoja, wagonjwa wa kuigiza. Tuliwapata kinamama wa kikoba kimoja cha Igogo, waigizaji wazuri kuliko tulivyostahili. Mmoja alipewa nafasi ya mama mwenye uchovu, akaanza kwa Kisukuma na kukataa katakata Kiswahili, jambo ambalo halikuwa kwenye maelekezo na lilistahili kuwemo.

Tatizo lilikuwa kituo cha 3. Mama anaumwa kichwa, karatasi ukutani inasema presha 128/80. Rezidenti wa kwanza akafunga mashine mkononi, ikasoma 184/110. Akaitazama karatasi. Akaandika 128/80. Wa pili naye hivyohivyo. Wa tatu akasimama, akavua stetoskopu, akasema, "Mama, naomba ukae kidogo, hii ya kwako siyo ya maigizo." Akapima mkono wa pili, akauliza kama anaona vizuri, kama kifua kinabana, akaita msimamizi. Muda ukamwishia. Kwa mujibu wa orodha ya alama alikuwa wa mwisho.

Watahini walibishana hadi giza. Hoja ya upande mmoja: mtihani ni mtihani, wenzake walifuata maelekezo. Hoja ya upande wa pili, ambayo ni yangu: tumetengeneza mtihani unaomwadhibu daktari kwa kumwona mgonjwa. Alama zake zilirekebishwa, na kituo chote kikafutwa kwa wengine. Mama alipimwa tena siku nyingine mbili, presha ikabaki juu, sasa anatumia dawa na ni mgonjwa wa rezidenti huyohuyo.

Kuanzia sasa waigizaji wote wanapimwa siku moja kabla, na namba ya kutumia ni ya mashine, siyo ya ukutani. Orodha ya alama imefupishwa, mwishoni mtahini anajibu swali moja: ungempeleka mama yako kwa daktari huyu? Katikati ya mwaka tunaongeza kumwangalia rezidenti na mgonjwa halisi kwa dakika 15 na kumpa maoni palepale. Hiyo haina gharama, inahitaji tu bingwa akubali kukaa kimya dakika 15, na si wote wanaweza.

Gharama: posho 15,000 kwa kila mwigizaji, chakula 80,000.

17 Novemba: Kliniki na mwezi

Kila rezidenti ana wagonjwa wake wa kudumu kwa miaka yote 3, kwenye kituo cha afya kando ya ziwa, Ilemela. Bila hao mtaala wote unabaki maneno, kwani presha, kisukari na kifafa hufundishika kwa kumwona mtu yuleyule akirudi.

Tuliweka Jumanne ya kwanza ya mwezi. Wanawake na wazee walirudi. Wavuvi hawakurudi, na kwenye madaftari wakaandikwa watoro. Aliyetufungua macho ni kiongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo) ya mwalo jirani. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti kitu, wavuvi wanapumzika nchi kavu. Jumanne ya kwanza ikiangukia giza, mvuvi kakesha majini, na asubuhi anaanika au amelala. Hakuwa mtoro hata kidogo.

Tukachapa kalenda yenye miezi mpevu. Oktoba ulikuwa tarehe 7, Novemba tarehe 5, na kliniki tukaiweka kwenye wiki hizo. Oktoba walikuja wachache, taarifa ilikuwa haijasambaa. Novemba benchi halikutosha.

Yakaja mengine. Mizunguko ya wodini inafuata mwezi wa kalenda, kwa hiyo kliniki sasa inahama wiki, na wakuu wa idara wanatuuliza tena yale ya Machi. Na wavuvi wa dagaa huhama kambi kisiwa hadi kisiwa, hivyo dawa ya presha ya siku 30 haiwatoshi. Dawa za VVU hutolewa za miezi mingi kwa walio imara, tumeomba kituo kifanye hivyo kwa presha, na jibu hadi sasa ni kwamba stoo hairuhusu. Wavuvi wa sangara hawafuati mwezi kabisa. Hao bado hatujawapata.

Gharama: kalenda 100, 150,000.

15 Desemba: Yanayoendelea

Makubaliano ya Alhamisi yanaisha mwezi huu. Idara mbili zimeshasaini upya, moja inataka Jumamosi mbili badala ya moja. Tutakubali.

Safu za tatu za mwaka mzima zimesomwa zote. Kuna mada tuliyoifundisha vizuri ambayo swali lake halijapungua hata kidogo kwenye madaftari: watoto wenye kikohozi, nani apewe antibiotiki na nani asipewe. Itarudiwa Februari, kituoni, kwenye foleni yenyewe, bila projekta. Afya ya akili imejitokeza mara nyingi kuliko tulivyopanga, na mwalimu wake tuliyenaye ni mmoja, anayegawanyika hospitali tatu.

Kwa wavuvi wa sangara, kiongozi wa BMU ameshauri tuache kusubiri kituoni twende mwaloni saa mitumbwi inaporudi. Mashine mbili za presha zimeombwa. Mtumbwi wa kukodi wa kufika kambi za mbali haujapata fungu.